Kwa mdogo wangu uliyeniita Mrs Fairfax msibani

Mdogo wangu,

Jina lako silitaji maana huku wanasoma watu na wewe hupendi kuandikwa-andikwa, ila utajijua tu. Mtu aliyeniita Mrs Fairfax mbele ya masufuria kwenye msiba wa bibi ni mmoja tu.

Nimekaa na hilo neno tangu siku ile. Wale waliokuwa wanachambua mchele hawakuelewa kitu, mama mkubwa akauliza "Fafaksi ndo nani, yule wa vikoba?" watu wakacheka, na mimi nikacheka maana ningefanyaje, nimeshika mwiko, moshi wote machoni. Ungeniita mchawi ningejitetea. Ungeniita mnafiki wangetokea wa kukuunga mkono na wa kukukatalia, shangazi angetufokea wote wawili na yakaishia pale pale. Ila wewe ukatafuta tusi ambalo chini ya turubai lote lile tunalielewa watu wawili tu, tena hukupaza sauti, "muulizeni huyu Mrs Fairfax, alijua", halafu ukaendelea kumenya vitunguu saumu kama umeomba chumvi.

Sasa kwa kuwa umemleta wewe, tumuongelee.

Na nyie wengine mnaosoma, kitabu chenyewe ni Jane Eyre, cha Charlotte Brontë, kilitoka London Oktoba 1847 na jina la uongo la Currer Bell. Jane ni yatima anayekwenda kufundisha mtoto kwenye nyumba ya tajiri Rochester, Mrs Fairfax ndo msimamizi wa nyumba ile, na Rochester anataka kumuoa Jane huku mke wake, Bertha, kamfungia ghorofani. Chetu sisi hakikuwa na jalada wala mwanzo, kinaanzia Jane ameshafungiwa kwenye chumba chekundu, kwa hiyo tulikisoma wee tukiamini kaandika Jane mwenyewe. Nimekuja kujua ukubwani kwamba hata kile cha kwanza kabisa kiliuzwa hivyo hivyo, kama maisha ya mtu aliyoyaandika mwenyewe, so hatukuwa wajinga kivile. Unakumbuka yule mzee wa kwaya tuliyemwita Brocklehurst? Anatuhubiria kujinyima na kutopenda mapambo na binti zake wamesuka rasta za bei, sawasawa na yule wa Lowood, shule aliyosoma Jane, anayeamuru mtoto wa watu anyolewe nywele kisa zimejikunja, mara mlangoni anaingia mkewe na mabinti na mahariri na vitambaa vya thamani na vinywele vya kubandika. Tulicheka mpaka bibi akazima taa.

Na Helen Burns je, rafiki yake Jane shuleni. Uliumwa malaria wiki ile nikawa nakusomea mimi, nikafika pale Jane anapanda kitandani kwa Helen anayekufa kifua kikuu, wanalala wamekumbatiana, asubuhi mmoja yuko hai mwingine hayupo. Ulilia ukanishika mkono ukasema dada usife. Charlotte pale alikuwa anamuandika dada yake, Maria, alirudishwa nyumbani anaumwa kutoka shule ya namna ile ile na akafariki 1825, ana miaka 11. Yani mwenye kitabu alikuwa anamlilia dada yake, wewe wa kwako yupo mzima unamtukanisha kwenye sufuria.

Haya, Rochester. Wewe ulikuwa upande wa Rochester tangu farasi wake alipoteleza kwenye barafu. Nilikwambia. Una miaka kumi na sita nilikwambia huyu ni muongo, mwanaume mzima anajivika ukike anajifanya mpiga ramli ndani ya nyumba yake mwenyewe ili achokonoe mioyo ya wageni, anamleta Blanche Ingram na mama yake na farasi wao ili tu Jane, mwalimu wa kale katoto Adèle anakokalea, aone wivu. Ukasema anapenda. Nikasema mtu akipenda anasema. Ukasema we dada huna mapenzi ndo maana unampenda St John, yule mchungaji anayetaka Jane amfuate India. Sikuwahi kumpenda St John! Nilisema ana msimamo, basi. Na yule mwalimu wa Muheza niliyekuwa nakutajia nakubali nilikosea, yule angekufundisha Kihindustani usiku na baridi yote ile halafu akuoe kwa ajili ya kazi. Hilo nimekubali, liandike.

Twende kwenye ile saluni.

Asubuhi ya ndoa, umekaa chini ya drayari una rola kichwani, kucha zimeshapakwa huwezi kushika kitu, nakunywesha soda kwa mrija. Ukanitazama kwenye kioo, siyo mimi, kioo. Ukasema, "Dada, kuna kitu unakijua?" Yule dada wa saluni akapunguza redio, nakumbuka alipunguza. Na mimi nikasema, "Mwanaume wa umri ule hakosi mambo yake, wewe kuwa makini tu." Ukanuna. Ukasema kwani mimi nina kasoro gani asinioe bila mambo. Nikasema sijasema hivyo. Ukasema niongezee soda.

Ndo hivyo. Hiyo ndo kesi yako yote.

Sasa fungua kitabu, unacho wewe, na ulikichukua bila kuniuliza. Jane anaposwa, kesho yake Mrs Fairfax hapigi vigelegele. Anamwambia wamepishana miaka ishirini, angeweza kuwa baba yako. Anamuuliza kwani kweli anakuoa kwa mapenzi. Anamwambia mweke mbali kidogo, usimuamini sana wala usijiamini na wewe, watu wa hadhi yake hawana kawaida ya kuoa walimu wa watoto wao. Mama wa watu kasema yote hayo! Na Jane alifanyaje? Alikasirika, machozi yakamlengalenga, akajiona anadharauliwa. Ulikasirika hivyo hivyo na rola zako.

Kwa hiyo usiseme Mrs Fairfax alinyamaza. Alisema kwa kadiri ya mtu anayekula kwenye nyumba ile. Mjane wa mchungaji, marehemu mumewe ana udugu wa mbali na kina Rochester upande wa mama, na udugu wenyewe anasema hautegemei, anajihesabu msimamizi wa nyumba tu. Jane siku ya kwanza alidhani ndo mwenye nyumba, kwa sababu barua ya kazi ilitoka kwake na alimkuta kakaa na paka wake anafuma, akampokea vizuri, akampa kinywaji cha moto. Angesema nini? Kwamba anasikia vicheko ghorofa ya juu?

Tena shahidi wangu ni Rochester mwenyewe, sura ya 27, baada ya yote kufumuka. Anasema waliojua ni Grace Poole, mlinzi wa Bertha, na yule daktari, Carter. Mrs Fairfax anasema huenda alishuku, ila uhakika hakuwa nao. Alishuku. Mdogo wangu, kushuku na kujua si kitu kimoja, mtu hawezi kusimamisha harusi ya watu kwa kushuku. Aliyesimamisha ya Jane alikuwa wakili, Briggs, na alikuja na karatasi na shemeji mtu mwenyewe, Mason, amesimama nyuma yake ametoka rangi. Mimi ningesimama na nini pale kanisani? Matangazo yalisomwa jumapili tatu, kwenu na kwetu, hakuna aliyefungua mdomo, baba yako mdogo anamjua yule bwana kuliko mimi, kamati nzima ilikuwa inakula bia zake.

Mimi niliona kadi ya kliniki. Haya nimesema. Siku tumeenda kuchukua kadi za mwaliko, nafungua pale mbele ya gari natafuta tishu, nikaona kadi ya mtoto ina ubini wa bwana harusi wako. Nikamuuliza. Akacheka, akasema ya mtoto wa kaka. Kaka yake si ana ubini ule ule? Ningesema nini? Nilirudi nyumbani nikakaa nayo kichwani siku tisa.

Na sheria nilikuwa naijua, hilo ndo linaniuma zaidi. Rochester angalau ana pa kujificha: talaka Uingereza mwaka ule ilikuwa inapitia bungeni, sheria binafsi ya mtu mmoja mmoja, gharama ya matajiri, na ya kwenda mahakamani ilikuja 1857, Charlotte ameshakufa miaka miwili. Na mke akishakuwa mgonjwa wa akili ndo kabisa. Huyu wako ana mahakama hatua mbili kutoka ofisini kwake. Sheria ya Ndoa ya 1971 ipo wazi, ukifunga ndoa ya mke mmoja huwezi kufunga nyingine juu yake. Alikuwa na cheti. Ulikiona kwa macho yako miezi minane baadaye, mlangoni kwako, mkononi mwa yule mwanamke.

Unajua nani simuelewi siku hizi? Sisi. Hatukuwahi kumuongelea Bertha. Tulikuwa tunamuita "yule mwehu", tunaigiza kicheko chake kumtisha mtoto wa jirani. Mwanamke katolewa Spanish Town, Jamaica, na pauni elfu 30, kwao huko mahari inatoka kwa mwanamke jamani, baba yake Rochester alitaka mali yote imuendee kaka mtu kwa hiyo mdogo akatafutiwa mke mwenye hela. Hela ikaliwa, mwanamke akafungiwa juu miaka kumi, na kitabu kizima hatumsikii akijieleza sentensi hata moja. Anakuja usiku anapasua shela ya Jane vipande viwili, anaikanyaga. Jane mwenyewe hakumgusa. Nimekuwa nawaza ile shela. Mtu anaingia chumbani kwa bibi harusi na mshumaa, bibi harusi kalala, na kinachopasuliwa ni kitambaa.

Yule mwenye cheti naye hakuwa mwehu. Alikuwa Morogoro anauza mitumba na watoto wawili, ada zinachelewa. Na alikuja na nauli ya kukopa, alivyosema mwenyewe.

Halafu kuna ile ya friji.

Najua ndo unayoitaka. Najua kwa nini ulisema Fairfax na si mwingine, maana ungeweza kusema Grace Poole, yule ndo analipwa kulinda siri, mpaka Leah, mtumishi mwenzake, anasema mshahara wake haufiki hata moja ya tano ya wa Grace. Ukasema Fairfax kwa sababu mwishoni, Jane ameshakimbia, Rochester anamuondoa yule mama kwenye nyumba, anampangia hela ya kila mwaka mpaka kufa kwake. Yani na yeye alipata chake. Ulikuwa unasema friji bila kutaja friji, na mama mkubwa pale pembeni anajua friji ile nimenunua.

Alinipa kabla. Wiki tatu kabla ya kadi ya kliniki, unaweza kuhesabu. Alikuja dukani akaona nauza soda kwenye beseni la barafu akasema shemeji hii siyo, akaleta friji ya mtumba, laki tatu na nusu. Nikasema nitalipa. Akasema utalipa ukitaka. Ni kweli kwamba siku ile ya saluni friji ilikuwa inanguruma dukani kwangu. Na ni kweli niliiwaza. Sijui niliiwaza kabla ya kukujibu au baada, nimejaribu kukumbuka na kila nikikumbuka linakuja tofauti. Ila hata isingekuwepo ningesema nini, na rola zako, na watu mia tatu wameshachangia, na mama yako na presha yake?

Ungenichukia. Ungeolewa hivyo hivyo na ungenichukia, na mwaka mmoja baadaye ungekuja kulia kwangu, au usingekuja. Sasa nimenyamaza, umeolewa, na umenichukia.

Ulivyoondoka na mtoto kwenda Mwanza ulipanda basi la alfajiri. Stendi unapita dukani kwangu, hakuna njia nyingine. Nilikuwa nimeshafungua, namwagia maji vumbi la mbele, bodaboda ikapita na mwanamke na begi na mtoto kwenye kanga nikasema huyu anawahi Mwanza, masikini. Kanga ilikuwa ya kwangu. Ile ya kijani. Nimeijua ulivyokunja kona.

Jane na yeye aliondoka alfajiri. Kachukua mkate kidogo na kifurushi, shilingi ishirini mfukoni basi, kile kifurushi chenyewe akakisahau kwenye gari la farasi mpaka ikabidi aombe uji wa baridi uliokuwa unamwagiwa nguruwe. Lakini kabla hajatoka, kwenye korido, alipita mlangoni kwa Mrs Fairfax. Soma. Sura hiyo hiyo ya 27, kwenye kurasa za mwisho mwisho, kama hujaichana. Hakugonga, alinong'ona tu, kwaheri Mrs Fairfax, na akamuita mwema. Na huyo ni mtu ambaye amedanganywa mpaka madhabahuni, ndoa haikuwa hata na wasimamizi.

Baadaye akamuandikia barua kuuliza habari za kule. Hakujibiwa. Miezi miwili, akaandika tena, kimya. Sisi imekuwa kinyume, Fairfax ndo anaandika. Meseji mbili umesoma, tiki zote za bluu. Hii ndo ya tatu, nimeiweka hapa kwa sababu kule hujibu, na kama imekuudhi kuwekwa hapa basi niudhi na mimi, nijibu hata matusi.

Mama mkubwa anauliza kama utakuja Desemba na mtoto, anataka kujua alete kitanda au mtalala na bibi mdogo. Friji nilimaliza kulipa mwezi wa tatu, nilikuwa natuma elfu thelathini thelathini kwenye namba yake, hajawahi kujibu ila hela haijarudi. Nina meseji zote za muamala. Nikikuona nakuonyesha.

Dada yako