Tepu haizibi uvujaji wa mpira wa oili wenye nati inayozunguka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili niwaeleze wenye magari, na hasa mafundi wenzangu, juu ya tabia moja inayoua injini za dizeli za zamani bila sababu, nayo ni kuizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba nati ya mpira wa oili kila inapoonekana kuvuja. Mimi ni fundi wa magari wa siku nyingi hapa Morogoro, ambako hupita magari yaendayo Dodoma, Iringa na Mbeya, na tepu hiyo naikuta katika magari yaliyotoka kila upande wa nchi.

Mpira ninaoukusudia zaidi ni ule unaopeleka oili kwenye pampu ya vakyumu katika Toyota za dizeli za zamani, kama vile Hiace na Hilux zenye injini za 2L na 3L. Injini hizo hazipati vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza, ya kutosha kwenye njia yake ya hewa kama zipatavyo zile za petroli, kwa hiyo busta ya breki, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wa dereva kwenye pedali, hutegemea pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya alteneta na kuzungushwa na shafti ya alteneta yenyewe. Oili ya kuilainisha pampu hiyo hutoka kwenye injini ikiwa na shinikizo, hupita katika mpira mwembamba, kisha hurudi kwenye sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini, kwa mpira mnene zaidi usio na shinikizo. Mwenye gari anayeliona doa la oili chini ya gari na kusema kwamba ataongeza oili tu, afahamu kwamba mpira huo mwembamba ukiachia njiani unaweza kuimwaga oili ya injini nzima kabla dereva hajaitazama taa ya deshibodi, kwamba oili inayorukia ekzosi yenye moto inaweza kuwaka, na kwamba pampu isiyopata oili huisha, na pedali ya breki ikawa ngumu. Sitaki kufikiri hali hiyo imkute dereva wa Hiace iliyojaa abiria akiwa anashuka mlima Kitonga.

Mpira wa kiwandani ukichakaa, wengi wetu huupeleka katika maduka yanayotengeneza mipira ya haidroliki, kama yale ya Gerezani jijini Dar es Salaam, ili likatwe pande jipya la mpira na kubanwa ncha mpya kwa mashine. Silipingi jambo hilo, kwa sababu mpira wenye wavu wa waya ndani yake, uliotengenezwa kwa ajili ya oili, mara nyingi ni imara kuliko spea bandia iliyowekwa kwenye boksi zuri. Ugumu uko kwenye ncha. Ncha hizo kwa kawaida huwa na nati inayozunguka, yaani nati iliyoachwa huru kwenye shingo ya chuma ya mpira, ili fundi aweze kuikaza bila kuusokota mpira wenyewe.

Naomba msomaji aielewe vizuri nati hiyo, maana ndiyo kiini cha barua hii. Uzi wa nati inayozunguka hauzuii oili hata kidogo. Kazi yake ni kuivuta shingo ya mpira ili koni yake, yaani uso wake uliochongwa kimshazari, ikalie siti, yaani kalio lake, kwenye kiungo cha upande wa pili, chuma kwa chuma, na hapo ndipo oili inapozuiwa. Koni hiyo ikiwa na mkwaruzo, ufa au pembe isiyolingana na siti, oili hupenya na kuingia ndani ya nati. Fundi akiuzungushia uzi tepu, oili hukosa njia ya mbele, lakini kwa kuwa nati imelegea kwenye shingo na nyuma yake hakuna kizuizi chochote, hutokea nyuma. Fundi huyo hukaza tena kwa nguvu akidhani nati bado haijabana, na kwa kukaza huko huipasua koni iliyokuwa nzima. Gundi ya silikoni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inayoingia ndani huganda, hukatika vipande na kusafiri na oili hadi kwenye vitundu vyembamba ambavyo havipaswi kuzibwa na kitu chochote.

Tepu ina mahali pake, nao ni uzi unaozidi kuwa mwembamba kuelekea nchani, kama ule wa swichi ya oili inayoingia kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Huko uzi wenyewe ndio unaozuia. Hata huko, mimi napendelea gundi ya maji ya kuzibia nyuzi, kwa kuwa vipande vya tepu navyo hukatika.

Kosa ninalolikuta kwa wingi kuliko yote ni kuoanisha pembe zisizolingana. Koni za ncha hizi, zikipimwa kutoka mstari wa katikati, ziko za digrii 30, za digrii 37 na za digrii 45, na jambo la hatari ni kwamba ncha ya digrii 37 na ya digrii 45 zina uzi ule ule katika baadhi ya saizi. Nati huingia kwa vidole, hukaza vizuri, na kila mtu huridhika, ilhali ndani koni inagusa siti kwenye mstari mwembamba tu ambao hautastahimili mtetemo wa injini ya dizeli. Vivyo hivyo, uzi wa bomba wa Kiingereza na ule wa Kimarekani wa nusu inchi na wa robo tatu vyote vina meno 14 kwa inchi moja, lakini umbo la meno ni la digrii 55 kwa mmoja na digrii 60 kwa mwingine, kwa hiyo vinaingiliana bila kukubaliana. Kwa sababu hiyo nawasihi wenye magari wasipeleke dukani mpira mkuukuu peke yake. Wafungue na kile kiungo kinachoupokea, wakipeleke pia, na muuzaji avioanishe mbele yao. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuipaka koni rangi ya kalamu ya wino mzito, kuikaza kwa mkono na kuifungua. Alama ikionekana duara zima, tena pana, vimekubaliana.

Kabla ya kufungua chochote, ni lazima kujua oili inatoka wapi, maana feni huipeperusha na mvuto huishusha, na mahali inapodondokea sipo inapotokea. Injini ikiwa baridi, sehemu hiyo isafishwe, ikaushwe kabisa na kupakwa poda nyepesi, kisha injini iwashwe kwa dakika chache huku fundi akimulika kwa tochi. Poda ikilowa nyuma ya nati au kwenye uzi wake, siti ndiyo yenye kasoro. Ikilowa kwenye kola iliyobanwa kwa mashine, mpira umekwisha na hakuna kukaza kutakakousaidia. Ikilowa kwenye bolti yenye tundu, kwa zile ncha zinazotumia bolti badala ya nati, ni washa za shaba zinazotakiwa kubadilishwa. Aliyekosa mpya anaweza kuzichoma za zamani hadi ziwe nyekundu, azipoze na kuzisugua zing'ae, kwani shaba iliyobanwa huwa ngumu na moto huirudishia ulaini wake.

Wakati wa kufunga, spana ziwe mbili, moja ikikishika kiungo na nyingine ikiigeuza nati. Koni ikiwa safi na nati imekazwa kwa vidole hadi mwisho, kinachobaki ni kuigeuza upande mmoja hadi pande mbili kati ya pande zake sita, kutegemea saizi. Mstari wa maandishi ulio ubavuni mwa mpira uwe umenyooka. Ukionekana umezunguka kama kamba, mpira umesokotwa na utakatika shingoni.

Jambo moja zaidi husahauliwa hata na mafundi wazuri. Alteneta husogea kila mkanda wa feni unapokazwa, na pampu husogea pamoja nayo, hivyo mpira uliokuwa umekaa vizuri huvutwa pembeni. Mkanda ukazwe kwanza, nati ya mpira ikiwa imelegezwa, ndipo nati ikazwe.

Ninawaomba walimu wa ufundi wa magari katika vyuo vya VETA watenge kipindi kimoja cha vitendo kwa ajili ya viungo vya aina hii, wanafunzi wapewe koni za pembe tofauti mikononi na waone wenyewe zinavyovuja. Kwa wauzaji wa Gerezani na kwingineko, ombi langu ni kwamba wamuulize kila mteja aliyekuja na mpira peke yake kiungo chake kiko wapi, na asipokuwa nacho wamwambie akakilete kabla hawajawasha mashine ya kubania.

Fundi wa magari,
Morogoro