Wenye nyumba, andikeni bei yenu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wenye nyumba wa Dar es Salaam. Sio madalali. Madalali wanasemwa kila siku, kwenye daladala, misibani, kwenye magrupu ya WhatsApp, na wengine kweli wanastahili kusemwa, ila mimi na mke wangu tumehangaika muda mrefu kutafuta nyumba ya kununua kuanzia Goba, Madale, Salasala mpaka kule Bunju, na kadri tulivyozunguka ndo nikazidi kuona vurugu hii haianzi kwa dalali. Inaanzia sebuleni kwa mwenye nyumba siku anayoamua kuuza.

Iko hivi. Mwenye nyumba hataki kuandika chochote. Anamwita dalali wa kijiwe cha karibu anamwambia mimi nataka milioni 80 yangu mkononi, utakachopata juu chako. Kesho anakutana na fundi wake wa zamani anamwambia hivohivo, mangi wa dukani naye kasikia, shemeji ana rafiki yake dalali yuko Sinza, mjumbe naye ana kijana wake, na wote hao wameambiwa maneno yaleyale, ya juu yako. Sasa niambieni nani kati yao atamwambia mnunuzi kwamba nyumba ni 80? Hakuna. Kila mmoja anapachika cha juu chake afu anamrushia mwenzake wa kijiwe kingine ambaye naye anapachika, na wale wa mitandaoni wanachukua picha kwenye status za wenzao, wanakata namba ya simu iliyoandikwa juu ya picha, wanaweka ya kwao, wanapachika tena. Halafu chini wanaandika "bei maongezi yapo". Maongezi na nani wakati anayeongea hajawahi hata kuonana na mwenye mali?

Kuna nyumba moja ya Goba tuliipata kwanza kwenye grupu, vyumba vitatu kimoja master, sebule, dining, jiko, public toilet, imezungushiwa ukuta, dakika tano toka lami (kila nyumba Dar iko dakika tano toka lami, sijui huwa wanapimia helikopta), bei milioni 110. Tukaona kubwa tukaachana nayo bila kwenda. Baadae dalali mwingine akatupeleka kwenye nyumba hiyohiyo bila sisi kujua, akasema iko Salasala, maana Salasala inauza kuliko Goba, hela ya kuonyeshwa elfu 20 tukatoa, boda tukalipa sisi, bei milioni 95. Tukaipenda ila tukasema ngoja tujipange. Afu ikaja ya tatu, dalali wa kike, muongeaji mzuri tu, akasema mama njoo uone kitu kipya hakijatangazwa popote, elfu 20 nyingine, tunashuka kwenye bajaji mke wangu ananitazama. Ni geti lilelile. Nikamwambia dada hii tumeshaiona, akasema kwake ni milioni 88 na hela ya kuona hairudi bosi, hiyo ni ya usumbufu. Usumbufu wa nani sasa.

Na hapo ndo ugomvi ukaanza, sio wa sisi na wao, wa wao kwa wao. Yule wa 95 alivyosikia tumeenda na mwingine akapiga simu akasema sisi ni wateja wake kwa kuwa yeye ndo alituonyesha kwanza, na tukimruka tutamtambua. Yule wa 88 anasema yeye ndo anajuana na mke wa mwenye nyumba. Akatokea na wa nne ambaye hatujawahi kumwona kabisa, anasema eneo lile ni la kijiwe chao na hakuna nyumba inayouzwa pale bila wao kuchukua chao, na kama tunabisha ataenda kuweka zuio serikali ya mtaa. Sijui zuio gani hilo, maana zuio ninalolijua mimi linawekwa kwa msajili wa hati na mtu mwenye maslahi kwenye ardhi yenyewe, sio mtu mwenye maslahi kwenye kijiwe. Ila mke wangu alipata presha siku ile na nyumba tukaiacha. Jirani mmoja wa mtaa ule ndo alikuja kutuambia mwenye nyumba alikua anataka 80 tu, na bado analalamika wateja hawaji.

Wateja hawaji! Baba, wateja walikuja mpaka getini kwako, wamefukuzwa na watu uliowatuma wewe mwenyewe.

Najua mwenye nyumba anawaza nini. Anawaza mimi sipotezi kitu, 80 yangu ipo palepale, hao wakiongeza shauri yao. Sio kweli. Mnunuzi mwenye bajeti ya 85 ambaye angekulipa wiki ile hafiki kwako kabisa kwa sababu yeye ameambiwa 110. Na yule anayefika anafika kachoka, kashalipa hela za kuona huku na huku, hamwamini mtu, anakuombea kila karatasi mara tatu afu anaishia kununua kiwanja Kibaha. Nyumba ikikaa mitandaoni muda mrefu kwa bei nne tofauti watu wanaanza kusema ina matatizo, ina kesi, ina deni benki. Nani atakuamini ukisema haina?

Halafu kuna hili la mkataba ambalo naona watu wengi hawalifikirii. Tuseme nimekubali 95. Siku ya kuandikishana kwa wakili mkataba unaandikwa 80 kwa sababu ndo anayopokea muuzaji, na ile 15 natoa pembeni kwenye bahasha, wanagawana madalali kwenye korido bila risiti. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa mauziano uwe wa maandishi, sasa mauzo yakija kuvunjika huko mbele, tuseme akatokea mwenye haki zaidi, mimi ntadai nini? Maandishi yanasema 80. Ile 15 imeshakuwa simenti ya nyumba ya mtu Kivule. Na hata yasipovunjika, nikija kuuza hiyo nyumba 120, TRA, mamlaka ya mapato, wanakata asilimia 10 ya faida kwa sisi wakazi, na faida inahesabiwa kutoka kwenye bei niliyonunulia yenye ushahidi. Kwa makaratasi faida yangu ni milioni 40, kumbe ukweli ni 25, nalipa milioni 4 badala ya mbili na nusu. Najua ukiwa umeishi humo miaka 3 au zaidi na faida haizidi milioni 15 kuna msamaha, ila hapo haunisaidii. Nalipia kodi hela waliyokula wengine.

Nyumba za mirathi ndo balaa lenyewe. Tulionyeshwa moja upande wa Mbezi, wazee wametangulia, watoto wanne wakubwa kila mtu na maisha yake, na watatu kati yao kila mmoja ana dalali wake! Wa kaka mkubwa anauza 120, wa dada anauza 90 kwa sababu dada ana shida ya haraka, wa tatu anasema mteja wake yuko Oman anakuja na dola tusubiri, na yule mdogo anaishi humohumo ndani na hajui kama nyumba inauzwa, alitufungulia geti akatuuliza nyie wageni wa nani. Sikujua niangalie wapi. Kisheria anayeweza kuuza hapo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, basi. Nikawauliza madalali wote watatu, kwa nyakati tofauti, msimamizi ni nani na barua yake ya mahakama iko wapi, hakuna aliyekua anajua, mmoja akaniambia bosi hayo tutayaweka sawa mbele ya safari, we toa kwanza kishika uchumba milioni 2 nyumba isichukuliwe. Nitoe milioni 2 kwa nyumba ambayo mwenye mamlaka ya kuiuza hajulikani hata jina.

Na sio mirathi tu. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 kinasema nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Dalali wa tatu kwenye mnyororo, ambaye ameipata nyumba kwa dalali wa pili, ambaye ameiona kwenye status, atajuaje kama mama mwenye nyumba ameridhia? Hawezi kujua. Hata hati hajaiona, anakwambia ina hati kwa kuwa na yeye kaambiwa ina hati, ukienda kufuatilia unakuta ni leseni ya makazi, ambayo sio hati, au karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu.

Wenzetu Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba tangu 1984, na bodi ya kuwasajili, na anayefanya kazi hiyo bila kusajiliwa anavunja sheria. Haijamaliza utapeli kule, vishoka bado wapo, ila angalau una mahali pa kuulizia jina la mtu kabla hujampa hela. Huku kwetu stori za sheria ya kusimamia sekta ya milki, yaani biashara ya nyumba na ardhi, tumezisikia kwa miaka na miaka. Ikija na ije, tutashukuru. Ninachosema mimi ni kwamba ninachotaka kwa wenye nyumba hakihitaji bunge.

Karatasi moja tu. Jina lako, namba ya kiwanja na kitalu, bei unayotaka, asilimia utakayomlipa dalali wewe muuzaji kutoka kwenye hiyo bei, mwisho wa kibali cha dalali kukuuzia ni lini, sahihi yako na ya mwenza wako, au msimamizi wa mirathi kama ni ya mirathi. Ukitaka kumpa dalali mmoja sawa, ukitaka kuwapa watatu sawa, lakini wote wabebe karatasi ileile yenye bei ileile, na uandike kabisa kwamba udalali anapewa aliyemleta mnunuzi aliyelipa. Ukitaka 80 mkononi na udalali ni asilimia 5, andika 84 na laki mbili na kitu, sio kosa, mnunuzi anajua analipia nini na mkataba unasoma hela iliyolipwa. Mnunuzi akikutana na mtu wa nne hana karatasi, anamwambia asante kaka anaondoka zake. Bila kugombana na mtu.

Kuna madalali watasema namwaga mchanga kwenye kitumbua chao. Mmoja nilishaongea naye, kijana wa Madale, mtu mwenye akili kweli, aliniambia kaka mimi hiyo karatasi naitaka kuliko wewe, mara ngapi nimemzungusha mteja wiki mbili kwa nauli yangu, siku ya kulipa mwenye nyumba kanikana kwamba hanijui, kisa shemeji yake kaja kusema mteja ni wake. Anasema hiyo hela ya kuona wanayotutoza ni kwa sababu hawana uhakika wa kulipwa mwisho, wangekua na uhakika hata bure wangetupeleka. Labda ananidanganya kwenye hilo la bure, ila hilo la kukanwa namwamini, nimeona wenye nyumba wanavyofanya.

Sisi bado tunatafuta. Sa hivi dalali akinipigia swali langu la kwanza sio vyumba vingapi, namuuliza mwenye nyumba amekupa nini kwa maandishi, na wengi wanakata simu hapohapo. Mke wangu anasema kwa mwendo huu tutazeekea kwenye nyumba ya kupanga. Huenda. Ila bahasha ya koridoni sitoi.

Msomaji wako,
Kimara, Dar es Salaam