Usiache kazi kabla ya masika

Muheza, Tanga
12 Julai

Shoga yangu Rehema,

Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia kwa mkono wa binamu yako aliyekuja kupakia machungwa, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unaniambia umechoka na foleni ya Kimara, umechoka kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mkupuo, na kwamba Septemba unakusudia kuacha kazi, uchukue mafao yako, ununue ekari tatu jirani nami na uanze kuishi, kama ulivyoandika mwenyewe, "kwa utulivu". Hilo la Septemba ndilo lililonifanya nikujibu usiku huuhuu.

Usiache kazi kwanza, Rehema. Chukua likizo, uje ukae hapa katikati ya masika, mwezi Aprili, wakati njia ya kwangu inapogeuka tope na kijana wa bodaboda anakuteremsha kilometa mbili kabla ya mlango. Kisha uje tena Februari, kisima kinaponipa ndoo nne asubuhi na nne jioni, na simtanki niliyoinunua kwa kiinua mgongo changu ina maji ya kunawa uso tu. Wewe ulikuja Agosti, machungwa yameiva na kusi inavuma, ukalala usiku mmoja ukaondoka. Agosti ya Muheza humdanganya kila mtu.

Mimi sikudanganywa na mtu, nilidanganywa na macho yangu. Mwaka wa kwanza nilipanda ekari nzima ya mihogo kwa pingili nilizoomba katika shamba lenye majani mazuri, yasiyo na batobato, ule ugonjwa wa mabaka ya majani, hata kidogo, nikapiga hesabu ya mavuno kabla hata ya palizi ya kwanza. Mwezi wa kumi na moja niling'oa shina moja, mhogo mnene kama mkono wangu, nikaukata kwa panga: ndani ulikuwa na mabaka makavu ya rangi ya kutu, yametapakaa kutoka ncha hadi kwenye kikonyo. Nikakata wa pili na wa tatu, hali ni ileile. Ugonjwa huo ni michirizi kahawia, na kinachoniudhi ni kwamba ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na mtafiti wa kituo cha Amani, hapo juu mlimani ninapopaona nikikaa barazani. Ulijulikana kabla mama yangu hajazaliwa, na mimi na stashahada yangu ya uhasibu nikaubeba kichwani, mzigo kwa mzigo, nikaupanda kwa mikono yangu. Jirani yangu, mzee wa Kibondei ambaye sote tunamwita Babu, alikuja akalitazama lile lundo wala hakucheka. Kesho yake akaniletea pingili za Kiroba, aina inayostahimili ugonjwa huo, na fedha akazikataa.

Ni Babu huyohuyo aliyenizuia nisipulize dawa ya kuua maji moto. Unawajua wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Walikuwa wamejaa katika minazi na michungwa yangu, na kila nikipandisha mkono kuchuma wananiuma hadi kwapani. Nilikuwa nimekwisha kuchanganya dawa katika bomba aliponiita chini ya mnazi usio na maji moto hata mmoja, akaokota kidaka kilichoanguka, akanionyesha makovu yenye utomvu mkavu karibu na kikonyo. Kuna mdudu, akasema, anayefyonza vidaka vikingali vichanga hadi vinaanguka, na kwenye mnazi wenye maji moto mdudu huyo hakai. Kisha akafunga kamba kutoka mnazi wenye viota hadi ule mtupu, akaniambia nisubiri. Nilisimama pale kama mtoto, nikiwatazama wanavyovuka kwenye kamba kwa mstari, wengine wakirudi nyuma kuwaita wenzao. Dawa niliirudisha dukani. Mwenye duka hakufurahi.

Uliniuliza ninaishi kwa fedha gani. Nina michungwa sitini inayozaa, na taabu yake ni kwamba wilaya nzima huiva pamoja nami. Malori ya Dar es Salaam na ya Kenya kupitia Horohoro yanakuja mwezi huuhuu, dalali anaujua uoga wa mwenye chungwa lililoiva, na bei anaitaja yeye. Fedha ya msimu ikiisha kupokelewa, ni hiyo hadi mwakani, ukiondoa mafungu ya mihogo na nazi za hapa na pale. Kwa hiyo siku mbili kwa wiki ninateremka mjini kuwafungia hesabu wenye maduka wawili. Ndiyo, shoga, nilikimbia uhasibu, nao ukapanda basi ukanifuata. Kuhusu utulivu sina la kukuahidi, maana hodi ya kwanza hupigwa kabla sijakunja mkeka wa sala, na michango ya misiba, harusi na madawati ya shule haimsahau mtu aliyetoka Dar.

La ardhi nitalieleza kwa kifupi, kwa sababu utaulizwa fedha mapema. Usimpe mtu hata shilingi kwa karatasi ya mashahidi wawili peke yake. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mgeni hupitia halmashauri ya kijiji, kwa maombi ya maandishi, na hati ya hakimiliki ya kimila ndiyo utakayoishika mkononi. Mimi nilisubiri miezi minne, nikinung'unika, na leo nashukuru, kwa kuwa katika miezi hiyo ndipo ilipojulikana kwamba mpaka wa mikonge nilioonyeshwa na muuzaji ulikuwa umeingia hatua kumi na mbili katika shamba la mjane.

Hata hivyo sirudi Dar, usije ukanielewa vibaya. Vuli iliyopita Babu alinifundisha kubebesha: unapasua gome la mche wa mlimao kwa umbo la T, unapachika jicho la mchungwa, unalifunga kwa utepe wa nailoni uliokaza lakini usionyonga, kisha unakaa wiki tatu bila kuligusa. Nilibebesha kumi na moja, tisa ikashika. Itachukua miaka kabla haijanipa chungwa la kuuza, na kila jioni ninakwenda kuitazama bila sababu yoyote ya maana.

Kwa hiyo njoo Aprili, na ukae zaidi ya siku mbili, maana jembe lako nimekwisha kulitia mpini. Ukipita Kariakoo ninunulie kisu cha kubebeshea chenye makali mazuri pamoja na roli mbili za utepe. Nitakulipa hapa, ukipenda kwa fedha, ukipenda kwa machungwa. Viatu vya mvua usinunue, nina jozi ya pili.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi shoga yako,
Mwanahamisi