Zege halilali, lakini mashine ya getini ililala

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nilitoe jambo la saa zetu za kazi zisizohesabiwa, ambalo mafundi wa hapa Tanga tunalilalamikia jioni tukirudi nyumbani, kisha asubuhi tunalimeza na chai.

Mimi ni fundi wa nondo na zege, naishi Makorora. Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye saiti moja nje kidogo ya mji. Mkandarasi simtaji, maana si yeye peke yake. Getini walifunga mashine ya kusoma alama za vidole, na sisi wenyewe tuliishangilia. Kabla yake tulikuwa na daftari la taimkipa, na daftari lile lilikuwa na mambo yake: nyapara akiwa na mpwa wake, mpwa anaandikwa yupo kazini hata siku aliyokwenda Pangani msibani. Tukasema mashine haina mpwa.

Siku ya kumwaga msingi wa tangi tulianza saa 1 asubuhi. Gari moja la zege likakwama njiani, pampu ikaziba, mchana ukaisha. Kila aliyewahi kushika sepetu anajua kwamba zege halilali. Ukiacha nusu, la leo na la kesho hayashikani, na maji yatapita hapohapo. Tukamaliza saa 3 usiku kwa taa za jenereta. Nikanawa mikono, nikaweka kidole. Taa nyekundu. Nikakisugua kwenye suruali, nikarudia, nyekundu tena. Nilidhani ni saruji, maana saruji hula ngozi ya vidole mpaka mashine inamkataa mtu aliyemaliza miaka 20 kazini. Karani akaniambia nisijisumbue: mashine inajifunga saa 11 jioni, ndivyo mfumo ulivyokuja, na aliyeuweka yuko nje ya nchi.

Tufanye hesabu. Kutoka saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku, ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 13. Mashine iliandika 9. Posho yangu ilikuwa shilingi 15,000 kwa siku, yaani kama 1,667 kwa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, kwa hiyo 2,500. Saa nne, shilingi 10,000. Tulikuwa watu 16. Hapo sijagusa nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku, ambazo kwa sheria hiyo zinaanza saa 2. Tulipopiga kelele tukapewa shilingi 4,000 kila mtu, "ya chai", bila kusaini popote.

Kuna kubwa kuliko hiyo elfu kumi. Sheria hiyohiyo inakataza mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Siku ile tulivuka. Mkaguzi angekuja wiki iliyofuata angekuta kumbukumbu safi kabisa: watu 16, saa 9, wote wamekwenda nyumbani na jua. Mashine iliyoletwa kuzuia uongo ikawa ndiyo inayouandika, tena kwa herufi nzuri.

Sasa kwa nini nakuandikia leo? Kwa sababu ya upepo. Kila nikisikiliza redio nasikia nishati ya upepo inakuja. Na ni kweli inakua: mwaka 2023 mitambo ya upepo duniani ilivuka jumla ya gigawati 1,000. Jirani zetu Kenya wana mitambo 365 kule Marsabit karibu na Ziwa Turkana, megawati 310, nao walilazimika kwanza kukarabati barabara ya kilomita 208 ili vyuma vifike. Sisi tumeanza kidogo, mitambo mitatu ya Mwenga huko Mufindi, megawati 2.4, na Singida imezungumzwa miaka mingi. Bandari yetu ya Tanga imechimbwa kina hadi mita 13, kwa hiyo mizigo mirefu ya namna hiyo ikija sitashangaa kuiona ikipita Barabara ya Korogwe.

Vijana wanafurahi, na mimi nafurahi. Lakini ni kazi gani hiyo? Msingi wa mtambo mmoja mkubwa wa upepo unakula zege mita za ujazo mia kadhaa, na linamwagwa kwa mkupuo mmoja bila kusimama. Ni ile siku yangu ya tangi, ikirudiwa kwa kila mtambo. Ukimaliza zege inakuja kreni. Pangaboi la mtambo ni refu kuliko jahazi, na upepo likilipiga likiwa hewani linazunguka kama tiara. Kwa hiyo mtengenezaji anaweka kikomo, mara nyingi kati ya mita 8 na 12 kwa sekunde, na upepo ukipita hapo hakuna kunyanyua. Tena mitambo hii hujengwa palepale penye upepo mwingi kuliko pengine. Watu watakaa chini ya kreni wamevaa kofia na mikanda, wakiangalia juu.

Saa hizo za kukaa ni za nani? Mashine yetu ya getini ilijua vitu viwili tu, umeingia na umetoka. Nimesikia kwa masikio yangu msimamizi akisema "leo hamkufanya kitu" kwa watu aliowaamuru wasiondoke saiti. Wavuvi wa Sahare watakueleza kuwa upepo wa kusi ukikaza, siku nzima inaweza kuishia ufukweni, nyavu zikishonwa, na bado hakuna anayeiita siku ya mapumziko. Ila mvuvi anamsubiri Mungu. Fundi anamsubiri mwajiri, na mwajiri ana mkataba.

Siukatai mfumo wa kompyuta, na daftari silitamani. Siku hizi zipo programu za kuhesabu muda ambazo kampuni ya ujenzi inaweza kuzirekebisha zifanane na kazi yake: zege lina mlango wake, kreni mlango wake, kusubiri kwa amri ya msimamizi mlango wake. Zinaandika hata pasipo mtandao, zikipata mtandao zinatuma. Zinaweza kupiga kengele mtu akikaribia saa ya 12, ili zamu nyingine iitwe. Kununua programu iliyogandishwa kiwandani, isiyobadilishika, kwa sababu ni rahisi ni uamuzi wa mtu, asisingiziwe mfumo.

Na tafadhali, programu hizo waziwekee saa zetu za Kiswahili. Kijana mmoja wa Pongwe alipata ujumbe kwenye simu, "Zamu inaanza 7:00". Akaja saa 7 mchana, kala kabisa, akakatwa siku nzima. Tulicheka sana, lakini yeye hakucheka.

Alama za vidole nazo zina sheria yake, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Saiti ile ilifungwa zamani. Vidole vyetu vimebaki kwenye kompyuta ya nani?

Ninachoomba kwa wanaoandaa mikataba, ya upepo au ya chochote kitakachojengwa mkoani kwetu, ni kwamba namna ya kuhesabu saa iandikwe ndani ya zabuni kabla kreni haijashuka melini, na saa za kusubiri zitajwe kwa jina na kwa bei. Sisi vibarua tupewe karatasi ndogo kila Jumamosi yenye saa za kuingia, za kusubiri na za kutoka, kwa saa za Kiswahili, niisome mwenyewe kabla sijatia dole gumba.

Fundi zege,
Makorora, Tanga