Milioni 2.8, watu sita, siku tano Unguja: tukate wapi?

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wa safu hii, hasa mlioko Unguja na mnaoijua kwa kuishi, si kwa picha. Tuna hesabu inayogoma kukaa sawa. Naileta yote ilivyo, pamoja na bei tulizotajiwa kwa simu, ili anayejua aone wapi tumekosea.

Tuko sita, tunatoka Dodoma: baba, mama, bibi wa watoto ambaye magoti yanamsumbua, na watoto wa miaka 13, 9 na 3. Tunataka kulala Unguja siku tano mwezi Desemba, shule zikishafungwa lakini kabla ya tarehe 20, maana kuanzia hapo hadi Mwaka Mpya wenye nyumba hupandisha bei bila haya. Mfuko ni shilingi 2,800,000 na hauongezeki.

Njia ya kufika haina ubishi mkubwa. Treni ya kawaida ya SGR tumeiwekea 31,000 kwa mkubwa. Wa miaka 9 analipa nusu, wa miaka 3 anapakatwa, na wa miaka 13 ni mtu mzima kwenye tiketi (kwenye sahani alishakuwa mtu mzima zamani). Kwenda na kurudi ni 279,000. Boti, daraja la kawaida kwa bei ya raia, tumeweka 35,000 kwa mkubwa na 20,000 kwa mtoto, yaani 360,000 kwenda na kurudi. Jumla 639,000. Zinabaki 2,161,000.

Hapo pa kubana hapaonekani, ila pa kupoteza papo. Boti ya saa 10 jioni inafika Malindi, bandari ya mjini Unguja, karibu saa 12, na saa hiyo daladala za shamba, yaani za kwenda vijijini, ndiyo zinakwisha. Utakayemkuta nje ni dereva wa teksi anayejua fika kwamba huna ujanja. Kwa hiyo tutalala Dar kwa ndugu na kupanda boti ya asubuhi. Kadi za NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitakuwa mkononi, visizame kwenye begi, la sivyo bei ya raia na ile ya mtoto zitaanza kubishaniwa dirishani. Wachukuzi wa bandarini tutapatana nao kabla mkono haujagusa mzigo.

Shida inaanza baada ya Malindi. Tumepiga hesabu ya sehemu tatu.

Mji Mkongwe: vyumba viwili vya 90,000 pamoja na chai ya asubuhi, 900,000 kwa siku tano. Chakula cha mchana na usiku kwa mama ntilie, urojo, na Forodhani jioni mojamoja, 70,000 kwa siku. Watoto wanataka kuogelea, basi safari mbili za pwani kwa Noah ya kukodi, 150,000 kila moja dereva akitusubiri. Jumla 1,550,000.

Nungwi: vyumba viwili vya 130,000, chakula 80,000 kwa siku, Noah ya kwenda na kurudi 200,000. Jumla 1,900,000. Inabaki 261,000 ya dharura, zawadi na matembezi yote. Kwa safari yenye mtoto wa miaka 3 na mtu mwenye magoti mabovu, hiyo naiona hatari.

Jambiani: nyumba nzima, vyumba viwili na jiko, 150,000 kwa siku, yaani 750,000. Kupika wenyewe 45,000 kwa siku, 225,000. Noah kutoka Malindi na kurudi 200,000. Umeme juu ya mpangaji, tumeweka 50,000. Siku moja ya kwenda kutembea mjini kwa Noah 120,000. Jumla 1,345,000, na zinabaki 816,000.

Mtu atauliza: sasa hapo kuna tatizo gani? Nendeni Jambiani. Tatizo ni maji.

Pwani ile ya mashariki ina mwamba mrefu mbele, na kati ya mwamba na ufukwe maji ni mafupi. Kwenye bamvua, yaani zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa sana, yakipwa yanakwenda kilomita nzima na zaidi, unabaki na mchanga, majani na vijiti vya mashamba ya mwani. Bamvua la Unguja hujaa kama saa 10 na kupwa kama saa 4, mchana na usiku, kisha kila siku saa zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Likizo ya baba inaanza siku moja baada ya mwezi kuandama, kwa hiyo tunaingia ndani ya bamvua tupu. Siku ya kwanza maji yanajaa saa 10 jioni, safi kabisa. Siku ya tatu yanajaa karibu saa 12, jua linazama na mdogo anasinzia. Asubuhi hakuna cha kuogelea, ni kutembea na viatu vya plastiki miguuni, kwa sababu kwenye miamba kuna wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba.

Tungesogeza safari wiki moja tungeangukia maji mafu, kinyume cha bamvua: yanajaa karibu saa 4 asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali hivyo. Lakini wiki hiyo inavuka tarehe 20, na mwenye nyumba ameshasema itakuwa 250,000 kwa siku. Siku tano ni 500,000 zaidi. Yaani tulipe nusu milioni ili bahari ije asubuhi badala ya jioni! Nungwi iko kwenye ncha ya kaskazini, ambako maji hayakimbii hivyo na watoto wanaingia karibu saa yoyote. Ukitazama vizuri, tofauti ile ya bei ya vyumba ndiyo unalipia hicho.

Bamvua lina fadhila moja. Ndizo siku ambazo watu wa pwani hutoka na vijiti kwenda mwambani kutafuta pweza, kwa hiyo pweza wanakuwepo kijijini kwa bei ya kijijini. Bahari ikitunyima kuogelea inatupa kitoweo. Mchele, nazi, vitunguu na embe tutanunua soko la Darajani mjini wakati tunapita, na dereva aambiwe mapema kwamba tutasimama nusu saa, kwa bei ileile. Sahani moja kwenye mkahawa wa ufukweni tumetajiwa 22,000. Watu watano wakila mara moja ni 110,000, fedha ya kupika zaidi ya siku mbili.

Ila pweza anataka moto wa muda mrefu, na nyumba za kupangisha zina mitego yake jikoni. Mtungi wa gesi wa kilo 6 upo, lakini je umejaa, au ni masalio ya mgeni aliyepita? Mita ya umeme ni Tukuza, siyo LUKU tuliyoizoea bara, na wenye AC vyumba viwili usiku kucha wanajua inavyokula. Tumeamua AC chumba cha bibi tu, wengine feni. Maji ya bomba huko yana chumvi, chai haifai, sabuni haitoi povu. Kunywa, chai na uji wa watu sita, dumu la lita 20 haliishi siku mbili. Bila kulipanga mapema mtajikuta mnanunua vichupa vya ufukweni kimojakimoja, na hapo ndipo fedha ndogondogo hutoboa mfuko.

Tukafikiria kuchanganya: siku tatu Jambiani, mbili za mwisho mjini. Hiyo inafuta ile Noah ya 120,000 ya kwenda kutembea, inatupa bahari zile siku ambazo inajaa jioni, na inatuweka karibu na Malindi siku ya kurudi. Boti ya saa 1 asubuhi ukiwa Jambiani ni kuondoka saa 10 alfajiri na watoto wamelala begani. Kwa bei ya 150,000 mpango huu ungekuwa 1,315,000, nafuu kuliko kukaa Jambiani siku zote. Lakini mwenye nyumba kasikia siku tatu akapandisha hadi 190,000, na jumla ikawa 1,435,000. Sasa tunatofautiana na Jambiani tupu kwa 90,000, na hapa ndipo nyumbani tumegawanyika.

Kuna na shemeji yetu anayekuja siku mbili, ana pasipoti ya Uingereza. Anaamini ataingia kwenye bei zetu kwa sababu jina la ukoo ni moja. Haiwezekani: boti kwake ni ya bei ya wageni, viingilio vya vivutio vina bei mbili, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipia bima ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima. Tumemwomba jambo moja tu, asitushikie vyumba yeye kwenye mitandao ya kimataifa. Vyumba vilevile tulivyopiga simu wenyewe tumetajiwa kwa shilingi na kwa chini, ilimradi tumeuliza swali lile lisiloulizwa: bei hiyo ni pamoja na kodi na tozo ya kila mtu kwa kila usiku, au hizo zinakuja siku ya kuondoka?

Naomba msaada kwenye haya.

Kwanza, 190,000 ya siku tatu inashushika? Tumefikiria kumpa fedha yote mkononi tukifika, au kuchukua nyumba iliyo mitaa miwili nyuma ya ufukwe. Anayejua njia inayomlainisha mwenye nyumba wa Jambiani atuambie.

Pili, Noah ya 100,000 tunaweza kuibadilisha na daladala namba 309, 15,000 kwa watu watano wanaolipa, mdogo akipakatwa. Tungeokoa 85,000 kila upande, yaani karibu tofauti yote tunayogombania kwa safari moja tu. Wasiwasi ni bibi. Kuna zile za bodi la mbao, unapandia nyuma kwa ngazi na kukaa kwenye benchi ukitazamana na wenzako, mizigo juu. Siku hizi njia hiyo ina mabasi madogo ya mlango wa pembeni, na yanapatikana saa ngapi? Tunaweza pia kumpakia bibi na mdogo kwenye gari dogo, wengine wapande 309, lakini kwa gari dogo tumetajiwa 80,000, kwa hiyo faida ni 8,000 na kugawana mizigo. Haina maana.

Tatu, kijijini Nungwi, nyuma ya hoteli, kuna nyumba zenye jiko kwa 150,000 au chini? Madalali wote tuliowapigia wanatupeleka ufukweni. Ikipatikana, bamvua halitatuhusu tena na barua hii yote inabadilika.

La mwisho ni dogo. Boti ya kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe inatajwa kwa chombo, si kwa kichwa, na chombo kinabeba zaidi ya sisi sita. Familia yoyote itakayokuwa mjini siku hizo, tugawane nusu kwa nusu. Jaketi za kujiokolea za watoto tunazikagua kabla ya kulipa.

Msomaji wenu,
Dodoma