Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: mvua ndiyo hii, maji yako wapi?

Mheshimiwa Waziri, salaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Mji wa Kale, Mombasa, nimekunja suruali hadi magotini. Masika imetushukia tangu alfajiri, kichochoro chetu kimekuwa mto, na watoto wa jirani wanashindanisha kandambili zikielea mlangoni pangu. Jikoni mfereji umekauka, leo siku ya sita. Nimeufungua sasa hivi nisije nikasingizia mtu: umekohoa, ukatoa hewa, ukanyamaza.

Tukilalamika huambiwa tusubiri mvua. Mvua ipi tena? Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Lodwar hupata kama 200, na mtu wa huko akisikia tunalia maji atatuona wendawazimu. Kericho nako hupata karibu mara mbili yetu. Kwa hiyo anayetangaza kwamba Kenya imepata mvua nzuri mwaka huu hajamwambia mtu chochote.

Isitoshe, mvua inayotulowesha siyo tunayokunywa. Maji yetu ya chemchemi ya Mzima ni mvua ya vilima vya Chyulu, iliyozama kwenye mawe ya volkano, ikachomoza Tsavo, kisha ikasafiri zaidi ya kilomita 200 ndani ya bomba lililolazwa miaka ya 1950. Ya Baricho huvutwa kwa pampu kando ya Sabaki, mto unaotoka bara. Umeme ukikatika, hata mto ufurike vipi, sisi hatupati tone. Chemchemi ya Marere na visima vya Tiwi, tunakoletewa maji pia, viko Kwale. Kisiwa chenyewe kina visima, na vingi ni vya chumvi. (Wapo pia ndugu zetu wa Taita Taveta, wenye mvua chache kuliko sisi, wanaolitazama bomba hilo likiwapita. Wao wana barua yao ya kukuandikia.)

Sasa tazama bati langu. Paa lina mita za mraba 60. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, basi kwa mwaka paa hili hupokea lita 60,000, yaani mitungi 3,000 ya lita 20. Tuseme nusu inapotea, bado ni mitungi 1,500. Yote huishia kichochoroni, kisha baharini. Asubuhi nimenunua mitungi minne kwa kijana wa mkokoteni. Alikuwa amelowa chapachapa, anasukuma maji ndani ya maji. Tukatazamana, tukacheka.

Na si jambo la kuletewa na mshauri kutoka ng'ambo. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ina birika la mvua, kwa kuwa maji ya kisima chake yalikuwa ya chumvichumvi. Misikiti yetu ya zamani nayo ilikuwa na mabirika. Sisi tuliokuja na saruji na ghorofa ndio tuliosahau.

Bwawa la Mwache huko Kwale, tunaloahidiwa kwamba litatuletea maji, sina ugomvi nalo, likamilike. Lakini bwawa halijazi ndoo yangu leo. Ninaloomba ni kwamba kabla ya vuli kila shule ya umma, zahanati na soko la Mombasa liwekewe vya kukingia mvua paani pamoja na tangi, na ghorofa mpya isipitishwe bila hivyo. Ibara ya 43 ya Katiba inataja maji safi, salama na ya kutosha. Haikusema yatoke bombani tu. Na kama ni mgao, ratiba yake itangazwe, tujue usiku gani wa kukesha na usiku gani wa kulala.

Nakomea hapa, Mheshimiwa. Beseni nililotega chini ya paa limefurika, nami sina jingine la kubadilisha.

Mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa