Jina la ubavuni si la mwendesha ndege

Mhariri,

Ndege ikichelewa au ikipata ajali, magazeti huandika jina lililopakwa ubavuni na kuishia hapo. Mara nyingi hilo ni jina la muuza tiketi tu. Aliyeirusha ni mwingine. Tunaomba gazeti lako liwe linaandika yote mawili.

Chukua American Eagle ya Marekani. Hilo ni jina la biashara. Safari zake huendeshwa na Envoy Air, Piedmont na PSA, kampuni tanzu za American Airlines Group, na pia na wakandarasi kama SkyWest na Republic, ambao huendesha pia safari za mashirika ya Delta na United. Kila mmoja ana cheti chake cha uendeshaji, marubani wake na mafundi wake. Kwa kawaida shirika kubwa hupanga ratiba, huuza viti na kubeba gharama za mafuta. Mwendeshaji hulipwa kwa safari na kwa saa, ndege ijae isijae. Ndege hizo nyingi huwa na viti 50 hadi 76. Kikomo cha 76 kimo katika mikataba ya vyama vya marubani wa mashirika makubwa, wanaokataa kazi yao yote ihamishiwe kwa wanaolipwa kidogo.

Februari 12, 2009, ndege iliyouzwa kwa jina la Continental Connection ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Mwendeshaji alikuwa Colgan Air, na mafunzo ya marubani yaliyochunguzwa yalikuwa ya Colgan. Msomaji aliyeambiwa "Continental" pekee hakuambiwa jambo lenyewe. Sheria ya 2010 ikawalazimisha wauza tiketi Marekani kumtaja mwendeshaji mapema, tangu matokeo ya kwanza ya utafutaji mtandaoni.

Msafiri naye atafute maneno "inaendeshwa na" chini ya namba ya safari kabla hajalipa. Kwenye ndege yenyewe, jina hilo mara nyingi limeandikwa kwa herufi ndogo karibu na mlango wa mbele.

Faida yake huonekana wakati wa kudai. Kwa safari za kimataifa zinazoguswa na Mkataba wa Montreal wa 1999, begi likiharibika ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Barua ikienda kwa muuzaji au kwa mwendeshaji, uzito wake ni uleule, kwa hiyo usikubali kuzungushwa kaunta hadi kaunta siku zikakwisha. Kwa fidia ya ucheleweshaji chini ya kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004, anayedaiwa ni mwendeshaji.